Baba Si Ghala la Nafaka

Liko neno linalosemwa katika nyumba nyingi za Dodoma, mjini na mashamba, nalo husemwa kwa sauti ya mtu asiyetazamia kupingwa: mtoto mdogo ni wa mama. Baba atamkuta mbele ya safari, atakapokuwa na akili ya kutumwa. Kabla ya hapo kazi ya baba ni kuleta unga, kulipa ada, na kukohoa mlangoni ili watoto wanyamaze. Wanaolinena neno hili si wajinga. Wamo makarani, wamo walimu, wamo wachungaji na mashehe, na wamo kina mama wenyewe, ambao aghalabu ndio wa kwanza kumpokonya baba mtoto anayelia na kusema, "Hebu mlete huku, wewe humwezi." Neno hili limekaa siku nyingi bila ya kuulizwa hati yake. Ni uongo, na uongo huu una watu unaowaumiza.

Wenye neno hilo huanza na ziwa. Mama ndiye anyonyeshaye, wasema, na mtoto humpenda amshibishaye. Baba hana ziwa, basi hana dai. Hoja hii ina sura ya kweli, na kwa muda mrefu hata wataalamu waliiegemea. Mwaka 1951 daktari Mwingereza, John Bowlby, aliliandikia Shirika la Afya Duniani kitabu juu ya watoto waliotengwa na mama zao, nacho kilibadili desturi za hospitali na vituo vya yatima katika nchi nyingi. Hapana budi kukiheshimu. Kilionyesha kwamba mtoto humhitaji mtu wa kudumu wa kumpenda kama anavyohitaji chakula. Lakini juu ya baba kilikuwa na maneno machache, na machache hayo yalimweka nyuma ya mama, kama mtu wa kumtegemeza mke kwa fedha na faraja, wala si mtu ambaye mtoto mchanga anamhitaji kwa nafsi yake.

Halafu wakaja watu waliotazama badala ya kudhani. Mwaka 1954 Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi pamoja na Bowlby huko London, alifika Kampala, akazunguka katika vijiji vya Waganda vilivyo karibu na mji, akiwatazama watoto wachanga 28 wa nyumba 26 majumbani mwao, mara baada ya mara, kwa miezi mingi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Alikuta kwamba kabla ya kutimiza mwaka wengi wa watoto wale walikuwa wamekwisha kushikamana na watu zaidi ya mama: bibi, ndugu mkubwa, na baba pia. Miaka mitatu kabla ya kitabu hicho kutoka, yaani 1964, Rudolph Schaffer na Peggy Emerson walikuwa wametangaza habari za watoto 60 wa Glasgow, huko Uskoti. Watoto hao walipofikia miezi 18, wachache sana walikuwa wameshikamana na mtu mmoja tu, na walio wengi walikuwa wamemshika baba. La ajabu zaidi ni sababu yake. Aliyeshikwa hakuwa lazima yule aliyelisha na kuogesha. Alishikwa yule aliyeitika upesi mtoto alipomwita kwa kilio, na aliyecheza naye. Ziwa, basi, halikuwa ufunguo. Na kitu cha kuitika kila mwanamume anacho.

Yamkini msomaji atasema kwamba Glasgow ni mbali na hata Kampala si Ugogo. Ni haki yake kusema hivyo. Basi na itazamwe nchi ya kati yenyewe na majirani zake. Kaskazini mwa uwanda huu, kuelekea bonde la ziwa Eyasi, wanaishi Wahadza, watu wapatao elfu na ushei, ambao baadhi yao wangali wanaishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Katika nchi hiyo hiyo wanakaa Wadatoga, wafugaji wa ng'ombe. Jua lao ni moja na ukame wao ni mmoja. Lakini kambini kwa Wahadza baba humbeba mtoto mchanga, hucheza naye, hulala karibu naye usiku. Kwa Wadatoga mtoto mchanga ni kazi ya mama na wanawake wa boma, na baba humwangalia kwa mbali mpaka atakapokua. Hapa hapana Mzungu aliyemfunza Mhadza kumbembeleza mwanawe, wala hapana gazeti alilosoma.

Mwaka 2009 Martin Muller, Frank Marlowe na wenzao walitangaza matokeo ya kuwapima wanaume wa makabila haya mawili kwa kutafuta kiasi cha testosteroni, kile kichocheo cha mwili ambacho huhusishwa na ushindani wa wanaume. Miongoni mwa Wahadza, wanaume wenye watoto walikuwa na kiasi kidogo kuliko wasio na watoto. Miongoni mwa Wadatoga, tofauti hiyo haikuonekana. Mwenye kupenda ubishi atasema kwamba huenda wanaume wenye kichocheo kidogo ndio wanaochagua kukaa na watoto, na kwamba kipimo cha siku moja hakiwezi kueleza lipi lilitangulia. Ni hoja nzuri, nayo ilipata jibu mwaka 2011 kutoka mji wa Cebu, Ufilipino, ambako Lee Gettler na wenzake waliwapima vijana wale wale mara mbili, kabla ya kupata watoto na baadaye. Waliopata watoto kichocheo chao kilishuka, na kilishuka zaidi kwa wale waliotumia saa nyingi za siku kumtunza mtoto. Maana yake ni nyepesi kufahamu hata kwa asiyesomea elimu ya viumbe: mwili wa mwanamume haukuumbwa na ukuta baina yake na mtoto. Humwitikia mtoto anapowekwa karibu naye, na hukaa kimya anapowekwa mbali. Anayesema kwamba maumbile yamemkataza baba, ayaulize maumbile kwanza.

Wakishindwa kwa maumbile, wenye neno hukimbilia mila. Husema kwamba ndivyo walivyokuwa wazee, na kwamba baba wa kubeba mtoto mgongoni ni mtindo wa mjini. Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo (1917 hadi 1969), alipotoa kitabu chake mwaka 1954 alikiita Historia, Mila na Desturi za Wagogo, akaitanguliza historia. Hata kama hakukusudia fundisho, fundisho limo katika mpango ule wa maneno, kwa maana mila isiyotazamwa pamoja na historia yake hudanganya. Ni nani aliyemwondoa baba katika ua wa tembe? Tembe la Kigogo, lenye dari la udongo na ua wa mifugo, halikujengwa ili kumficha baba. Jioni ng'ombe, watoto na wazee walikutana mahali pamoja. Mtoto wa kiume alianza na ndama karibu na nyumba, kisha akamfuata mkubwa wake malishoni, na mwendo wa kutwa nyuma ya ng'ombe ni mazungumzo marefu hata kama maneno ni machache.

Kisha ikaja kodi ya nyumba, iliyowekwa na Wajerumani mwaka 1898, nayo ilitaka fedha, na fedha haikuwako malishoni. Reli ya kati ikafika Dodoma karibu na mwaka 1910. Vita vya 1914 vilipofika uwanda huu, majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Ndipo ilipozuka njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920, iliyoua watu kwa maelfu. Baada ya vita kuu ya pili ukaja mpango wa karanga wa Waingereza huko Kongwa, ulioanza 1947 na kuzikwa 1951, ukavuta wanaume kambini kwa ujira wa mwezi. Kati ya matukio hayo walikuwako wale waliokwenda mashamba ya mkonge kwa mikataba. Kwa nusu karne na zaidi, basi, baba wa nchi ya kati alikuwa mtu wa kuondoka, na fedha ndiyo alama aliyoiacha nyumbani. Mjukuu wake alipozaliwa aliikuta hali hiyo imekaa kama mlima, akadhani iliumbwa pamoja na mlima.

Isidhaniwe kwamba kabla ya kodi kila baba alikuwa mpole. Mfano wa Wadatoga unatosha kuonyesha kwamba umbali wa baba waweza kuwa mila bila ya mkono wa serikali, na heshima kali baina ya baba na mwana ilikuwako Ugogo kama ilivyokuwako kwa jirani zake wengi. Lakini heshima ile ilikuwa na mlango wa nyuma, nao ulikuwa babu. Mtoto aliyemwogopa baba alimtania babu yake, akamwita mume mwenza, akakaa mapajani pake akasikiliza hadithi. Hakukosa kifua cha mwanamume cha kuegemea. Leo mtoto huyo anakaa katika chumba cha kupanga Nkuhungu au Chang'ombe, na babu yuko Mpwapwa, au Manyoni, au yuko kaburini. Umbali wa baba umehamia mjini; ule mlango wa nyuma umebaki kijijini. Anayeisifu mila kwa kuchukua nusu yake hii na kuiacha nusu ile anajisifia starehe yake tu.

Juu ya heshima, maneno hayahitaji kuwa mengi. Yuko baba anayeogopa kucheka na mtoto asije akadharauliwa. Huyo amechanganya heshima na woga, navyo havifanani hata kwa umbo: woga hukoma siku mtoto apatapo nauli.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanao ushahidi mkononi mwao, nao huupita kila mwaka bila kuutazama. Mwaka 1858 Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi ambao mpaka leo hutajwa kuwa kielelezo cha mapenzi ya mama. Karibu karne moja baadaye Shaaban Robert, aliyefiwa na mkewe Amina na kuachiwa watoto, aliwatungia tenzi mbili, Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwana wa kiume. Watahiniwa huulizwa mafunzo ya adabu yaliyomo katika tenzi hizo, nao huyaorodhesha na kupata maksi zao. Hawaulizwi huyo alikuwa baba wa namna gani, aliyerudi kazini akakaa na karatasi kuwaza jinsi binti yake atakavyoishi. Utungo wa mama husomwa kama moyo uliofunguka. Utungo wa baba husomwa kama orodha ya amri. Kosa si la mtunzi. Ni la wasomaji waliokwisha kuamini kabla ya kusoma kwamba baba hana jingine la kumpa mtoto ila amri.

Lugha nayo imesukumwa ifuate njia hiyo. Neno matunzo latokana na kutunza, na kutunza ni kazi ya mkono na jicho: hutunzwa mgonjwa, hutunzwa mche, hutunzwa maiti kabla ya maziko. Lakini mtu akiingia mahakamani au ofisi ya ustawi wa jamii na kusikia kwamba fulani anadaiwa matunzo ya mtoto, atajua mara moja kwamba inazungumzwa fedha, na kwamba anayedaiwa ni mwanamume. Neno pana limekunjwa likatoshea katika bahasha. Baba akiisha kuitia noti ndani yake, huhesabiwa kuwa ametunza.

Sheria ndiyo iliyolikunja. Amri ya mwaka 1949 juu ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa ilimtaka baba atoe fedha zisizozidi shilingi 100 kwa mwezi, na kiwango hicho kilibaki katika vitabu miaka mingi baada ya shilingi 100 kuwa haitoshi hata nauli ya kwenda kuidai, hata sheria hiyo ilipofutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 125, iliweka dhana kwamba ni kwa manufaa ya mtoto aliye chini ya miaka saba kukaa na mama yake. Ni kweli kwamba dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi, na ni kweli pia kwamba iliwekwa ili kumlinda mama asinyang'anywe mtoto na ukoo wa mume uliotoa ng'ombe. Ulinzi huo ulistahili. Lakini ukisomwa sokoni na barazani, mahali ambapo sheria nyingi husomwa, kifungu hicho humwambia baba kwamba miaka saba ya kwanza haimhusu. Na miaka hiyo ndiyo anayotakiwa.

Ikaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mama aliyejifungua alipewa siku 84 za likizo yenye malipo, na 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Baba alipewa siku zisizopungua 3, naye azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa. Siku 3! Siku ya kwanza mama na mtoto wangali hospitalini, ya pili baba anatafuta gari la kuwarudisha, na ya tatu wageni wamejaa. Siku ya nne, mtoto anapoanza kuwa mtu wa nyumba, baba yuko mezani kwake ofisini. Kenya katika sheria yake ya ajira ya mwaka 2007 iliweka wiki 2. Hazitoshi nazo, lakini mtu wa wiki mbili amekwisha kujua kilio cha njaa na kilio cha tumbo, na amekwisha kuamshwa usiku.

Hoja moja ya wapinzani ina uzito kuliko zote, nayo ni ya riziki. Uwanda wa kati una msimu mmoja wa mvua, kutoka Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe haina ahadi. Mwanamume ambaye uwele wake umekauka Februari hana nafasi ya kukaa chini akimpigia mtoto makofi. Lazima aende mjini au machimboni. Kumlaumu mtu huyo ni upuzi na dhuluma. Lakini hoja ya riziki haithibitishi kwamba mtoto hamhitaji baba. Inathibitisha kwamba umaskini humnyang'anya mtoto kitu anachokihitaji. Hayo ni maneno mawili mbalimbali, na wengi huyachanganya kwa makusudi, kwa kuwa hasara ikiisha kuitwa desturi hapana anayedaiwa kuilipa. Tena, wamo wengi wanaojikinga kwa riziki ilhali saa zao za jioni ziko kilabuni na kwenye bao. Kwa hao neno ni jepesi: warudi nyumbani.

Vilevile isije hoja hii ikageuzwa fimbo ya kuwapigia wajane na kina mama wanaolea peke yao. Watoto wa Ainsworth walishika bibi na ndugu pia. Mtoto aliye na watu wawili watatu wa kumwitikia ana mahali pa kusimama, na mjomba aliye karibu ni bora kuliko baba anayepiga. Baba mkatili hana dai lolote katika makala haya.

Lililoleta jambo hili mlangoni ni mji wenyewe. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, ukalala zaidi ya miaka arobaini, ukaamshwa Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahama. Ikahama kweli. Maelfu ya watumishi walifika na masanduku yao, na wengi wao waliwaacha wake na watoto Dar es Salaam, kwa sababu ya shule, au kazi ya mke, au nyumba iliyokuwa haijapatikana. Walidhani itakuwa miezi. Kwa baadhi yao ikawa miaka. Kilomita zipatazo 450 kwa basi ni siku nzima. Kwa hiyo baba alikwenda mwisho wa mwezi, akamkuta mtoto wa mwaka mmoja amejificha nyuma ya gauni la mama, akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekuja kusoma mita. Akacheka kwa aibu, akatoa biskuti. Jumapili, mtoto alipoanza kumzoea, akapanda basi. Kuzoea, neno hili la Kiswahili lisilo na makuu, ndilo jina la kitu chote kinachobishaniwa hapa. Mtoto hampendi mtu kwa kuambiwa kwamba ndiye baba yake. Humpenda kwa kumzoea, na mazoea hayatumwi kwa simu kama fedha.

Reli mpya ya umeme iliyozinduliwa rasmi Agosti 2024 imeifanya safari hiyo kuwa ya saa chache, na Ijumaa jioni magari yake hubeba kina baba wengi. Serikali iliyojenga njia hiyo imefanya zaidi kwa watoto hao kuliko semina nyingi za malezi, ijapokuwa haikujenga kwa ajili yao. Lakini treni haiwezi kuwa sera ya malezi. Desemba 2021, hapa hapa Dodoma, ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayohusu watoto tangu kuzaliwa hata miaka minane, na lugha yake juu ya wazazi wote wawili ni nzuri. Uzuri huo bado haujafika katika benchi za kliniki nyingi, ambako mwanamume huitwa siku ya kwanza akapimwe damu pamoja na mkewe, na akiisha kupimwa huambiwa asubiri nje. Huko ndani mkewe hufundishwa kumshika mtoto, kumsemesha, kumjibu. Yeye huangalia viatu vyake.

Mambo yanayotakiwa si makubwa kama kuhamisha mji. Siku 3 za likizo ya baba ziongezwe, angalau zifikie wiki 2 za Kenya, na ziruhusiwe kuchukuliwa baada ya wageni kuondoka, si ndani ya juma moja tu. Mafunzo ya kliniki yafanywe na mlango wazi. Mahakimu wanapoamua mtoto akae wapi waandike pia, kwa siku na saa, baba atakuwa naye lini, badala ya kuandika kiasi cha fedha peke yake. Na mwajiri anayemhamisha mtumishi aulize jambo moja zaidi. Hesabu ya uhamisho hutaja nauli, mizigo na posho ya siku za mwanzo. Iongezwe nafasi ya kuandika umri wa mtoto mdogo kuliko wote, na afisa anayetia sahihi aisome kabla ya kutia.